Sikiliza Shairi la Kijana Kabla ya Kumfundisha

Ukikaa na vijana wa Kaptembwo au Rhonda hapa Nakuru, si ajabu kusikia mtu akisemwa "amekanyaga waya". Maana yake ana virusi vya UKIMWI. Sisi wazazi na wahudumu hukemea lugha hiyo, kisha tunaendelea na somo letu. Je, tumejiuliza maneno hayo yanamfundisha kijana nini?

Msomi mmoja aliyeyapima maneno ya namna hii ni Aldin Mutembei wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alichunguza mashairi ya Wahaya wa Kagera, Tanzania, mahali wagonjwa wa kwanza wa nchi hiyo walitambuliwa mwaka wa 1983. Katika utafiti wake uliotolewa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 2001, alionyesha jinsi mafumbo ya ugonjwa huu yalivyobadilika kadiri miaka ilivyopita. Hapo mwanzo watu wa Kagera waliuita "Juliana", jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Basi mtu asiyefanya biashara ya mpakani angeweza kujiona yuko salama. Jina peke yake linaweza kupotosha.

Turudi kwetu. Anayekanyaga waya wa stima hufa papo hapo. Kijana akiamini hivyo, aende kupimwa kwa nini? Na huo si ukweli. Leo anayemeza dawa kila siku anaweza kuishi miaka mingi. Virusi vikipungua hadi visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Katika kikundi chetu kijana mmoja aliandika shairi la waya. Sikulikataa. Nilimwuliza tu, "Na fundi wa stima je? Si yeye hushika waya kila siku?" Alicheka, akaenda kuliandika upya. Juma lililofuata fundi alikuwa ndani ya shairi. Tulipomaliza, alibaki nyuma akaniuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.

Ukitaka kujaribu njia hii mtaani kwako:

1. Waache watunge kwa lugha yao, hata Sheng.
2. Uliza kila fumbo lina maana gani kwao.
3. Sahihisha habari isiyo kweli, usisahihishe lugha.
4. Usimwulize mtu mbele ya wenzake kama shairi linamhusu yeye. Akitaka kusema, atakutafuta.