Kobalti: Jiwe jeusi la Kamatanda na siri ya vikombe vya buluu vya wafalme wa Ufaransa

Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, ni jina linalojulikana kwa shaba na kobalti. Ukiishika kobalti ya huko kabla haijasafishwa, huwezi kuamini kwamba ina thamani yoyote. Ni jiwe jeusi, wataalamu huliita heterogeniti, nalo huacha doa mkononi kama kipande cha mkaa.

Leo dunia inaitafuta kobalti kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme. Lakini muda mrefu kabla ya betri hizo kuvumbuliwa, madini haya yalikuwa tayari mezani kwa wafalme, kwenye mabuli na vikombe vya kauri kutoka Ufaransa.

Kiwanda cha mfalme

Kiwanda mashuhuri zaidi cha kauri nchini Ufaransa kilianza mwaka 1740 huko Vincennes, kisha mwaka 1756 kikahamishiwa Sèvres, karibu na Paris. Miaka mitatu baadaye kikawa mali ya Mfalme Louis XV. Kila mwisho wa mwaka bidhaa zake zilipangwa katika kasri la Versailles, na watu wa baraza la mfalme walijua wazi kwamba walitarajiwa kununua.

Miongoni mwa vitu vya fahari vilikuwa seti za chai na kahawa: sinia, buli, jagi dogo la maziwa, bakuli la sukari lenye kifuniko, vikombe na visahani vyake. Vilichorwa maua, ndege na mandhari, vikazungushiwa dhahabu. Nyuma ya michoro hiyo mara nyingi kulikuwa na buluu nzito, ambayo mpaka leo huitwa buluu ya Sèvres.

Rangi hiyo hutokana na oksidi ya kobalti. Rangi nyingi huungua katika tanuri la kauri ngumu, ambalo joto lake hupita nyuzi 1,300, lakini kobalti huhimili. Tena haihitajiki nyingi. Katika kioo, hata chini ya sehemu moja kwa mia inatosha kutoa buluu iliyokolea.

Dhahabu ilipakwa mwishoni, ikachomwa kwa joto dogo zaidi, kisha ikasuguliwa kwa jiwe gumu hadi ing'ae. Hivyo kikombe kimoja kilirudi motoni mara kadhaa kabla ya kumfikia mnunuzi.

Jina la shetani

Kobalti ya vikombe hivyo vya karne ya 18 haikutoka Katanga. Sehemu kubwa ilichimbwa Ulaya kwenyewe, hasa Saxony, katika Ujerumani ya leo. Wachimbaji wa huko waliichukia. Walipoyeyusha mawe hayo wakitarajia fedha, walipata moshi wa sumu ya aseniki. Wakaamini ni hila za pepo wa migodini aliyeitwa kobold, na jina la madini likatokana naye. Ilipofika miaka ya 1730 ndipo mwanakemia wa Sweden, Georg Brandt, alipobaini kwamba ilikuwa metali mpya kabisa.

Hata hivyo, Waafrika hawakuwa mbali na meza ile. Kahawa na sukari zilizojaza vikombe vya Ufaransa zilitoka kwa wingi katika koloni la Saint-Domingue, Haiti ya sasa, ambako Waafrika waliofanywa watumwa walilima mashamba, wakiwemo maelfu waliosafirishwa kutoka pwani ya Kongo.

Zamu ya Katanga ilifika karne ya 20. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 chini ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1920 ilianza kuzalisha kobalti, na mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ukawa kituo muhimu cha viwanda vya Panda na Shituru. Tangu hapo yeyote duniani aliyehitaji kobalti, awe fundi wa injini au mpaka rangi wa kauri, alikuwa na sababu ya kuitazama Katanga.

Nani anapima?

Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani. Sehemu kubwa husafirishwa ikiwa imesafishwa nusu tu, na kazi ya kuimalizia hufanyika hasa China.

Kwa mchimbaji mdogo, tatizo huanza mapema zaidi, kwenye mizani. Bei ya gunia hutegemea kiwango cha kobalti kilichomo, na kiwango hicho husomwa kwa kifaa cha mnunuzi. Ripoti ya mwaka 2016 ya mashirika ya Amnesty International na Afrewatch ilieleza kuwa wachimbaji wa kusini mwa Kongo hawakuwa na njia huru ya kuhakiki uzito wala ubora wa mzigo wao.

Serikali imejaribu kubadili hali hiyo. Mwaka 2019 iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wadogo. Februari 2025, bei ikiwa imeporomoka, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Oktoba mwaka huohuo ikaweka viwango vya juu: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027.

Hatua hizo zinaweza kupandisha bei, lakini historia ya Sèvres inaonyesha jambo jingine. Ndani ya seti moja ya chai kulikuwa na kobalti kidogo mno. Kilicholipiwa kwa dhahabu kilikuwa kazi ya watu waliojua kuisaga, kuipaka na kuichoma. Kiwanda hicho bado ni mali ya taifa la Ufaransa, na bado kinatengeneza buluu yake.

Likasi ina jiwe na ina karibu karne moja ya uzoefu wa viwanda. Lakini jiwe jeusi linapoondoka Kamatanda ndani ya gunia, sehemu kubwa ya thamani yake huwa bado haijazaliwa. Huzaliwa mbele ya safari, mikononi mwa wengine.