Janti za aliminiamu kwa motokari ya zamani: tazameni bulo kwanza



Wengi kwetu hununua Land Rover au Land Cruiser ya zamani, na mara wanatoa janti za chuma na kutia za aliminiamu zilizopitia Kasumbalesa. Zinang'aa, hatukatai. Lakini gurudumu likichomoka njiani, wanaoletwa hospitali ni watu. Ndiyo sababu habari hii imeingia katika ukurasa wetu.

Kwanza matundu. Land Rover ya zamani ina bulo 5, na duara linalopita katikati ya bulo hizo lina upana wa milimeta 165,1. Land Cruiser za zamani na Nissan Patrol nyingi zina bulo 6 kwa duara la milimeta 139,7. Land Cruiser ya mtindo wa 70 ilibadilishwa mwaka 1999, na nyingi za tangu hapo zina bulo 5 kwa milimeta 150. Muuzaji akikuambia, «Tutapanua tundu kidogo, itaingia,» mwachie janti yake.

Sasa janti imeingia. Bado si salama! Aliminiamu ni laini kuliko chuma, kwa hiyo kiwanda huifanya nene zaidi, na unene huo unakula urefu wa bulo. Bulo ya Land Cruiser ya zamani ina unene wa milimeta 12, na ekru ikizunguka mara moja inasogea milimeta 1,5. Inafaa ekru ishike bulo kwa urefu usiopungua unene wa bulo yenyewe, maana yake mizunguko 8. Zungusha kwa vidole, bila kle, ukihesabu tangu ekru inaposhika mpaka inapogusa janti. Ukipata 4 au 5, usitembee na motokari hiyo: tafuta bulo ndefu. Land Rover iliyotoka kiwandani na janti za chuma mara nyingi inadai bulo ndefu namna hii.

Ekru nazo si za namna moja. Ekru ya janti ya chuma ina mdomo uliochongwa mshazari, unaokaa katika tundu lililochongwa vilevile. Janti nyingi za aliminiamu zina tundu la ukuta ulionyoka, zinataka ekru yenye shingo na rondela bapa. Ukitia ya mshazari hapo, inagusa ukingo mwembamba tu. Ukingo unaliwa, ekru inalegea. Nunua janti pamoja na ekru zake.

Soma pia uzito uliopigwa chapa ndani ya janti. Janti ya motokari ndogo ya mjini haikufanywa kwa mifuko ya makala na watu kumi juu yake. Na janti inayosukuma gurudumu nje sana inachosha rulema na kuvuta usukani mikononi kwa kila shimo. Shimo hilohilo linakunja janti ya chuma, ambayo fundi anaweza kuinyoosha. Ya aliminiamu inaweza kupasuka.

Tuje kwa kriki, maana hapa ndipo sisi wa dispanseri tunapata kazi. Freni ya mkono ya Land Rover ya zamani haishiki magurudumu yenyewe. Inashika shafti inayotoka katika bwati kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, diferansieli inaliacha lizunguke hewani, na mwenzake aliye chini anapata ruhusa ya kuzunguka kinyume. Motokari inatembea ingawa freni imevutwa! Land Cruiser za kwanza zilikuwa na freni ya namna hiyo pia. Basi simama mahali pa tambarare, tia vizuizi vya mti mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, unganisha mwendo wa magurudumu yote manne, ndipo uinue. Chini ya chasi weka nguzo ya chuma au magogo mapana. Tofali linapasuka bila kutoa habari. Watoto wakae mbali, na pete itolewe kidoleni kabla ya kazi: kidole kilichobanwa kinavimba, pete inakata damu.

Safisha kutu na rangi mahali janti inapokaa. Grisi kidogo katikati ya moyaye inafaa, kwa sababu aliminiamu na chuma vikipata maji vinashikana mpaka janti haitoki. Bulo usizipake grisi. Ekru zitakazwa kupita kiasi bila wewe kujua.

Kaza kwa kuvuka, si kwa kufuata duara, kisha gurudumu likiwa chini maliza kwa kle ya kipimo, kufuata hesabu ya mtengenezaji. Bomba refu juu ya kle si kipimo. Baada ya kilometa 50 mpaka 100 kaza tena, kwa sababu aliminiamu mpya hujikalisha. Ukisikia kugonga kwa mwendo wa polepole, au ukiona vumbi jeusi kuzunguka ekru, simama palepale.

Ekru za zamani usiziuze. Kama gurudumu la akiba bado ni la chuma, ekru za aliminiamu haziwezi kulishika. Zifunge katika kitambaa na kuziweka pamoja na kriki.