Pete Iliyomo Ndani ya Maranda

Je, wajua kwamba pete iliyotobolewa kwenye mpingo inaweza kukatika kidoleni mapema kuliko ile iliyokunjwa kwa maranda ya seremala? Anayetaka kumtengenezea mchumba wake pete ya mbao huuliza kwanza mti gani ni mgumu, wakati jambo la kuuliza kwanza ni nyuzi za mti zinaelekea wapi. Mti ni kama mafunjo ya mto Lualaba yaliyofungwa pamoja: ukiyavuta kwa urefu hayakatiki, ukiyatanua ubavuni yanaachana. Kwa miti mingi tofauti ya nguvu kati ya pande hizo mbili inapita mara kumi. Sasa toboa kipande cha ubao kwa keekee, kizungushie tupa mpaka kiwe pete. Mahali pawili kwenye duara nyuzi zitafuata mviringo wa kidole. Mahali pengine pawili zitaukata ukuta wa pete kwa ufupi, zikiwa na milimita mbili au tatu tu za kushikana. Hapo ndipo inapovunjika, na ugumu wa mpingo hauiokoi.

Adui wa pili ni majira. Mbao hunywa unyevu wa mvua na kuutema kiangazi, ila hazivimbi sawa kila upande. Mbao mbichi ikikaushwa kabisa, kwa kawaida husinyaa asilimia 6 hadi 10 kwa kufuata duara za ukuaji wa mti, karibu nusu ya hapo kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu wa nyuzi asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Pete ya kutobolewa huirithi tofauti hiyo: polepole inakuwa na umbo la yai, inabana huku na kulegea kule. Pete iliyokunjwa, ambayo urefu wa nyuzi ndio mzunguko wake, yaweza kunenepa kidogo lakini tundu lake hubaki lilivyo. Malemba-Nkulu, kusini-mashariki mwa Kongo, penye mto huo na mabwawa jirani na ukavu mkali wa katikati ya mwaka, hiyo si faida ndogo.

Kwamba mbao hukunjika, Waluba wa eneo hilo hawahitaji kufundishwa. Masimulizi yao humtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji, kuwa baba wa Kalala Ilunga, mwasisi wa ufalme wao. Upinde ukawa alama ya ufalme huo, na mafundi wakachonga vishikio vya mti vya kuutundikia. Hakuna anayetengeneza upinde kwa kukatisha nyuzi, wala ukingo wa ungo. Kinachosaidia mkunjo ni lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Mbao ikilowa na kupata joto linalokaribia la maji yanayochemka, lignini hulainika. Ikipoa, hukaza katika umbo jipya. Kwa hiyo seremala aishushe bapa ya randa kidogo, apate utepe wa nusu milimita, upana wa milimita 6, urefu wa sentimita 25 hivi, unaotosha mizunguko minne. Utepe uloweshwe kwenye maji ya moto, uviringwe polepole juu ya kijiti chenye unene wa kidole, ufungwe kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kuachwa mpaka ukauke. Kisha unatandazwa kidogo, unapakwa gundi, unarudishwa tabaka juu ya tabaka. Ncha ya ndani lazima isuguliwe kwa msasa mpaka iwe nyembamba kama karatasi, la sivyo itaacha ngazi inayokwaruza ngozi. Mwisho, nta ya nyuki. Mawese hayafai, ingawa ndiyo yaliyo karibu: ni mafuta yasiyokauka, pete itanata.

Atasema mtu kwamba mababu wenyewe walipamba miili kwa metali. Kweli, makaburi ya Sanga yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, na ya Malemba-Nkulu yaliyochunguzwa na mwanaakiolojia Pierre de Maret miaka ya 1970, yalitoa mapambo ya shaba. Lakini shaba hudumu ardhini na mti huoza. Kaburi linaonyesha kilichosalia, si vyote vilivyovaliwa. Pingamizi lililo zito zaidi ni la msitu. Mukula, yaani Pterocarpus tinctorius, mti mwekundu wa kuvutia kuliko wote kwa kazi hii, umekatwa ovyo kusini-mashariki mwa Kongo na kupelekwa China ukiwa magogo. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori yaliyoubeba kutoka Kongo. Mwaka 2019 ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022 jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika ikafuata. Je, kusifu pete ya mukula si kuchochea shoka? Pete moja haifiki gramu moja, na mti wake tayari umelala sakafuni mwa karakana, ukisubiri kuwashia makala kwenye mbabula. Kinachoumiza ni gogo zima kuondoka likiwa ghafi, huku fundi wa hapa akibaki bila hata kipande cha kufanyia kazi. Mti ambao unga mwekundu wa ndugu zake umepakwa miilini na kwenye sanamu sehemu nyingi za Kongo haustahili kujulikana tu kwa idadi ya malori.

Pete hiyo ivuliwe wakati wa kufua na kuoga, na isishangaze wekundu wake ukigeuka kahawia kwa jua. Utepe uleule hufaa kwa bangili, pete ya kubana mpini wa kisu, ukingo wa chujio dogo, kikebe cha sindano, kishikio cha ufunguo.