Kipimo Kimoja cha Choo Hakitoshi

Wanavikundi wengi mmeyaona haya. Mgonjwa analazwa hospitali kwa kuishiwa na damu. Anaongezewa damu, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Baada ya miezi michache macho yamekuwa meupe tena, na akipanda kilima kidogo anahema. Majirani wanaanza kusema ati amerogwa. Kumbe mara nyingine adui ni safura, na hakutafutwa vizuri.

Safura ni minyoo wadogo, urefu wao kama sentimita moja. Huingia kwa ngozi tukikanyaga udongo mchafu na miguu mitupu. Wakifika kwenye utumbo hujishikilia hapo na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kidogo tu. Lakini wakiwa wengi, kila siku, kwa miaka, damu inaisha.

Kwa nini hawaonekani? Kwanza, wagonjwa wengi hawapimwi choo kabisa. Malaria ikipatikana, basi, kazi imeisha. Pili, maabara hutazama choo kidogo sana, na mayai yakiwa machache hukosekana. Tatu, choo kikikaa kwa saa nyingi kabla ya kupimwa, mayai huharibika.

Kuna mwingine mjanja zaidi, aitwaye strongiloidesi. Huyu huzaliana ndani ya mtu kwa miaka mingi, na kipimo kimoja humkosa mara nyingi. Mgonjwa mwenye minyoo hao akitumia dawa kama prednisoloni, ambayo hupewa watu wa pumu, wanaweza kutapakaa mwilini na kumwua. Kidonge kimoja cha albendazoli hakiwamalizi. Dawa yao ni ivamektini, na ni daktari wa kuitoa. Lakini usiache dawa ya pumu mwenyewe. Muulize daktari kwanza.

Basi tufanye nini?

1. Tupeleke choo cha asubuhi hiyo hiyo, katika chombo safi, bila mkojo.
2. Dalili zikiendelea na majibu ni "hakuna", tuombe kupimwa tena siku nyingine, hata mara tatu.
3. Tumwambie daktari ukweli: tunalima miguu mitupu, nyumbani hakuna choo, mtoto anakula udongo. Mama mja mzito ataje miezi yake kabla ya kupewa dawa yoyote.
4. Tuchimbe vyoo na kuvaa viatu, maana aliyetibiwa huambukizwa tena.

Swali la kikundi: Katika kijiji chetu, nani amewahi kuongezewa damu, na je, alipimwa choo?