Pombe ya Ndizi ya Buha Isihukumiwe Pamoja na Gongo

Wahenga wa pwani walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hii, inayojulikana na kila mtoto wa Unguja na Pemba, haikutungwa na walevi. Ilitungwa na watu waliofahamu kwamba kinywaji kina ubora wake, kwamba ubora huo huweza kupotea, na kwamba wa kuulinda ni yule akitengenezaye. Leo twaipeleka mithali hiyo mbali na minazi, hadi nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambako mgomba ndio ulioshika nafasi ya mnazi.

Tunajua kwamba wengi wa wasomaji wetu wa visiwani hawanywi pombe, na hatukusudii kumshawishi yeyote aguse alichokatazwa na dini yake. Lakini askari au ofisa wa Muungano aliyezaliwa Wete huweza kupelekwa Kibondo, na huko atatakiwa kutoa uamuzi juu ya jambo hili. Kutokunywa hakumzuii mtu kujua. Kadhi huamua kesi ya shamba ingawa hajapata kushika jembe.

Waha wa Heru na wa Muhambwe, kama jirani zao wa Burundi waiitao urwarwa na Wahaya waiitao rubisi, hutengeneza pombe ya ndizi kwa utaratibu usiotaka papara. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, zikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zikakaa humo siku kadhaa mpaka ziive zote pamoja. Kisha humenywa na kukandwa kwa nyasi ngumu ndani ya mtumbwi wa mti. Nyasi hushika makapi na kuachia maji ya ndizi, matamu na mazito, ambayo hata mtoto huyanywa kabla hayajachacha. Hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani, na baada ya siku moja hadi tatu huwa pombe kamili. Mtama huo ndio unaozidisha weusi wake na kuipa uchungu mdogo.

Mjuzi wa pombe hii haanzi kwa kunywa. Hutazama rangi na povu, hunusa, kisha huonja kidogo. Iliyo nzuri hunukia ndizi mbivu. Hutangulia utamu, ukafuata uchachu, na mwisho hubaki ukavu unaoshika ulimi. Iliyotiwa maji mengi ladha yake hukatika upesi mdomoni. Iliyokaa mno hugeuka siki, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa pwani, kwani hata tembo la mnazi huishia huko. Basi hapo ndipo mithali yetu inapotimia: kinachotofautisha pombe ya heshima na ya hovyo ni kiasi cha maji na usafi wa maji hayo.

Huko Ulaya limo taifa lililofanya ujuzi wa namna hii kuwa fahari yake, nalo ni Ubelgiji. Bia zake nyeusi na kali, kama zile za watawa wa Chimay na Rochefort, hupata nguvu ya asilimia 9 hadi 11 na zaidi, ilhali bia ya kawaida huwa karibu na asilimia 5. Weusi wa bia nyingi za namna hiyo hutokana na shayiri iliyokaushwa kwa moto na sukari iliyopikwa hadi kuiva sana. Hazinywewi baridi kama barafu, wala hazigugumiwi. Humiminwa katika bilauri yenye mdomo mpana, zikanuswa, zikanywewa polepole. Anayezinusa hukuta zabibu kavu, ndizi mbivu na mara nyingi karafuu. Mkulima wa Pemba asidhani kwamba karafuu yake imo ndani ya chupa: harufu ya ndizi na ya karafuu huzaliwa na hamira yenyewe. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, wakaitawala nchi hiyo hadi mwaka 1921. Na karibu karne moja baadaye, mwaka 2016, utamaduni wao wa bia uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu, kwenye kikao kilichofanyika Addis Ababa.

Lakini fahari hiyo haikuja bila ya mkono wa serikali. Mwaka 1919, kwa kuhofia ulevi uliowaangamiza wafanyakazi, Ubelgiji ilipitisha sheria iliyopewa jina la waziri Vandervelde, ikakataza pombe kali za moshi kuuzwa katika mabaa. Bia iliachwa. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1983, na yahesabiwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watengenezaji kuongeza nguvu na ubora wa bia zao. Serikali ilitenganisha kilichochachuka na kilichokenekwa.

Sheria zetu nazo hutenganisha. Ile ya mwaka 1966 ilihusu utengenezaji wa moshi, yaani gongo. Ile ya mwaka 1968 iliziweka pombe za kienyeji chini ya leseni. Kosa huja katika utekelezaji, pale ambapo mtungi wa pombe ya ndizi humwagwa pamoja na pipa la gongo kana kwamba ni mamoja. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Lakini hawa si wa tenga moja. Gongo iliyochanganywa na sumu hupofusha na kuua. Mwanamke anayeuza pombe ya ndizi apate ada ya shule akifanywa mhalifu, atajifunza haraka kwamba kilicho rahisi kufichwa ni chupa ya gongo, si mtumbwi wa mti.

Hatusemi kwamba ulevi si adui. Pombe ya ndizi pia huvunja nyumba, na saa za kuuza zilizowekwa na sheria sharti ziheshimiwe. Tunachosema ni kwamba adui hupigwa pale alipo. Kwa hiyo twatoa mwito kwa wahusika wa mambo matatu. Kwanza, halmashauri ziwape watengenezaji leseni bila ya usumbufu, na mafunzo ya maji safi na vyombo safi. Pili, Shirika la Viwango liwasaidie kupima nguvu ya pombe yao, ili mnywaji ajue anachokunywa. Tatu, mabwana shamba wazidi kuwafunza wakulima kuondoa ua dume la mgomba mapema kwa kijiti chenye panda, kwani ugonjwa wa mnyauko, uliobainika nchini mkoani Kagera mwaka 2006, huzishambulia sana ndizi za pombe.

Mgema wa pwani alionywa asitie maji kwa sababu kazi yake ilithaminiwa. Mtengenezaji wa Kasulu na Kibondo naye athaminiwe kwanza, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwonya.