Chuo na Skuli Chini ya Paa Moja

Ukipita asubuhi katika mitaa yetu ya pwani utasikia sauti za watoto wadogo zikitoka katika jengo lililo ubavuni mwa msikiti. Mara wanasoma alifu, mara wanahesabu vifuu vya nazi, na yote hayo katika chumba kimoja na mbele ya mwalimu mmoja. Kwa vijana wa leo hilo si jambo la kushangaza. Sisi wa rika langu tunajua kwamba halikuwako.

Zamani mzazi wa Kiislamu alikuwa na njia mbili. Chuoni mtoto alipata Kurani na adabu. Nasari alipata nyimbo za Kizungu, na mara nyingi nasari yenyewe ilikuwa ya kanisa, au ada yake ilimshinda mchuuzi wa samaki. Wengi walichagua chuo, na mimi siwalaumu, kwani chuo ndicho kilichonifunza kuketi na kusikiliza. Lakini mtoto yule alipopelekwa skuli ya serikali kuandikishwa darasa la kwanza, aliulizwa tarakimu na rangi, akaambiwa aandike jina lake kwa herufi za Kirumi. Yeye amezoea kuanzia kulia! Akaonekana mjinga, ilhali Juzuu Amma yote iko kifuani mwake. Wako walioambiwa warudi mwaka ujao, na wako waliopokewa wakakaa nyuma ya darasa mpaka wakachoka.

Wazee wetu hawakuwa wamelala. Mwaka 1948 iliasisiwa hapa Mombasa taasisi ya kuwafunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME. Walioshirikiana kuichangia ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan wa wakati ule, Mabohora na serikali ya kikoloni, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ulikuwa ushirikiano mkubwa, ila kwa maoni yangu nyumba ile ilijengwa kuanzia darini. Fundi wa mitambo hutokana na mtoto aliyeshika hesabu, na mtoto huyo wetu alikuwa amekwisha kurudishwa mlangoni akiwa na umri wa miaka sita au saba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimwendea Karim Aga Khan, aliyefariki mwaka 2025, wakamwomba msaada katika elimu ya watoto wao. Mwenye kuijua pwani hahitaji kuelezwa kwamba watu wa madhehebu ya Imamu Shafi kumwendea Imamu wa Ismailia halikuwa jambo jepesi. Wakaenda, na wakasikilizwa. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa, na aliyeishika ni mwalimu mwanamke, Bi Swafiya Said. Ilibidi kuzungumza na maalimu, kuzungumza na akina mama, na kuwatuliza waliohofia kwamba Kurani itafukuzwa chuoni na kuletewa wanasesere.

Siri ya mafanikio yake, nionavyo mimi, ni masharti. Kituo hakikuja kujenga skuli yake. Mtaa ulitakiwa utoe mahali, uunde kamati yenye wanawake ndani yake, na uwachague wasichana wake wenyewe wa kufunzwa ualimu. Kituo nacho kiliwafunza, kikawatembelea darasani kwa muda wa miaka kama miwili au zaidi, kisha kikaiachia kamati mambo yake. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makuti, makombe ya pwani na maboksi yaliyotupwa dukani. Mpango ukavuka bahari kufika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993, mpaka skuli zikapita 200.

Nao wasichana wale tusiwasahau. Wengi walikuwa wamemaliza masomo na kukaa nyumbani kungoja posa. Wakawa walimu wenye cheti, wenye mshahara hata kama ni mdogo, na wengine wakapanda wakawa wakufunzi wa wenzao.

Sasa niseme linaloniwasha. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya skuli za msingi, nasari haikuguswa, na baadhi ya wazazi wakaona afadhali kungoja cha bure. Tangu mwaka 2013 elimu ya chekechea imo mikononi mwa kaunti, ambazo zimejenga vituo na kuajiri walimu. Heri hiyo. Lakini mwalimu wa mtaani bado hula kutokana na ada ya wazazi, na ada hiyo huja kwa kuchechemea. Ulibuniwa mfuko wa akiba, mtaa ukichanga sehemu yake na kuongezewa, ili faida ya kila mwaka isaidie skuli. Hata hivyo mfuko haulishi mwalimu mwezi mzima.

Nimeketi katika vikao vya kamati baada ya sala ya alasiri. Fedha za rangi ya mnara zilipatikana kabla chai haijapoa. Lilipotajwa deni la miezi mitatu la mwalimu wa watoto, watu walianza kuvaa viatu. Mwalimu mwenyewe alikuwa chumba cha pili, anapanga vifuu vya kesho.