Simu ya Chama Ikihama, Isipotee Njiani

Ndugu wanachama,

Katika kikao cha Kamati kilichopita lilizuka jambo ambalo halikumalizika, nalo litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu kabla ya mavuno. Ofisi yetu ya Chake Chake itahama. Juu ya kuhama hapana ubishi, maana nyumba tuliyopanga imekuwa ndogo na paa lake limechoka. Ubishi umekuwa juu ya simu. Wako wazee wetu wasemao kwamba simu ya mezani ni gharama ya bure, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu mfukoni; basi na iachwe huko huko. Wako na wengine watakao ihamishwe vile vile ilivyo, na mambo yaishe. Pande zote mbili zina hoja. Nasi twaona yafaa, kabla ya kunyoosha mikono, kila mwanachama ajue jambo lenyewe lilivyo, kwa kuwa fedha zitakazotumika ni zake.

Simu na karafuu

Aliye mjini huenda akadhani simu ni chombo cha katibu. Sivyo. Simu ni chombo cha aliye shambani. Karafuu haingoji. Tumba likishakuwa tayari yatakiwa lichumwe kabla halijafunguka, maana likichanua thamani yake imekwenda. Baada ya kuchambua makonyo, karafuu hutaka jua la siku kadhaa juu ya majamvi. Ikirundikwa kabla haijakauka huvunda na daraja lake hushuka. Basi mtu wa Konde au wa Mtambile aliyeanika karafuu zake ana maswali ambayo jibu lake ni shilingi: kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kitafungua siku gani? Magunia yamekuja? Gari litapita? Na liko swali lililo zito kuliko hayo yote, nalo ni pale mchumaji anapoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Saa hiyo mtu hana wakati wa kutafuta namba mpya. Atapiga ile anayoijua.

Tuliyoyaona mkoani Mara

Ili tusizungumze kwa kubahatisha, tulisafiri kwenda kuwatazama wenzetu wa mkoa wa Mara. Mara haioti karafuu. Kule Bunda watu hulima pamba, na Musoma, iliyo kando ya Ziwa Victoria, hutegemea sana uvuvi. Lakini ushirika ni ushirika, na tulipendezwa kuona kwamba hali ya wenzetu yafanana na yetu. Sisi tuna Chake Chake, Wete na Mkoani. Wao wana Musoma, Bunda na Butiama. Mtu atokaye Mwanza hupita Magu na Lamadi, akaingia Bunda, kisha akasonga mbele mpaka Makutano, ambapo njia moja huenda Musoma na nyingine Butiama. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012, na wilaya mpya ikizaliwa, ofisi huhama na kugawanyika, na simu hazina budi kuzifuata. Ndiyo maana watu wa kule wamekwisha kuyaonja mambo haya.

Tulikaribishwa na chama kimoja cha wakulima wa pamba, ambacho jina lake hatulitaji kwa kuwa wenyewe walitusimulia kwa uaminifu yaliyowafika. Chama hicho kilihamisha ofisi yake ya Musoma katikati ya msimu wa kununua pamba. Laini ya zamani ilikatwa siku ya Ijumaa, kwa kutumaini kwamba mpya ingefunguliwa Jumatatu. Jumatatu ikapita, na wiki ikapita. Kumbe ndani ya nyumba mpya hapakuwa na njia ya kupitishia waya, na fundi alipofika alirudi alikotoka. Huku nyuma gari lilikwenda kijiji kisicho chake, na wakulima wa upande wa Bunda wakalala kando ya mizani siku tatu wakingoja mtu wa kuwapimia.

Ili kuziba pengo, karani mmoja aliruhusiwa kutoa namba yake mwenyewe ya mkononi. Ikabandikwa ukutani, ikaandikwa kwenye barua, ikapewa benki. Mwaka uliofuata karani yule alipata kazi kwingine, akaondoka na simu yake mfukoni. Hakuiba kitu, maana ilikuwa yake. Lakini kwa miezi mingi wakulima waliendelea kumpigia yeye, na Chama kikawa kama nyumba iliyouza mlango wake.

Huko Butiama tulipata somo la tatu. Ni kijiji alichozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999; nasi tulipata nafasi ya kuzuru kaburi lake. Nchi ile iliyo karibu na Ziwa Victoria ni nchi ya ngurumo na radi nyingi. Dawati la chama lililokuwapo hapo lilifungiwa mtambo mzuri wa simu, lakini waya wa ardhi haukuwekwa. Radi moja ikaunguza mtambo wote. Sisi huku Pemba adui wetu ni mwingine pia: hewa ya chumvi na unyevu, ambavyo hula viungo vya waya polepole pasipo kelele. Radi huua kwa siku moja, na kutu huua kwa miaka mitatu, lakini mwisho wao ni mmoja.

Namba ni ya nani?

Namba ya simu ya mezani imefungwa na mahali. Namba za Zanzibar huanza na 024, za Dar es Salaam 022, na za Kanda ya Ziwa, Musoma ikiwamo, huanza na 028. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma tangu mwaka 2016, wizara zilizokuwa na namba za 022 zilianza kutumia za 026, na watu wakalazimika kujifunza namba upya. Sisi hatutoki Zanzibar, kwa hiyo 024 itabaki. Lakini namba nzima kubaki au kutobaki ni jambo la kuulizwa kwa kampuni ya simu mapema, na jibu lake lipatikane kwa maandishi.

Simu ya mkononi ina sharti jingine. Tangu Machi 2017 mtu aweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine hapa Tanzania bila kubadili namba yake. Hilo ni jema. Lakini laini husajiliwa kwa jina, na tangu Januari 2020 zile zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Basi swali la kwanza juu ya laini yoyote ya Chama ni hili: imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni jina la mtu, hata awe mwaminifu namna gani, laini hiyo si ya Chama. Na ikiwa laini hiyo hupokea fedha, hatari yake ni mara mbili. Laini za Chama na zisajiliwe kwa jina la Chama na kwa karatasi za Chama.

Umeme ukizimika

Wazee wetu wakumbuka kwamba taa zikizimika, simu ya zamani ililia vile vile. Sababu yake ni kwamba simu ile ya waya wa shaba ilipata umeme wake, wa volti 48, kutoka katika betri za ofisi ya simu, wala haikuutegemea umeme wa nyumbani. Simu za leo zipitazo katika intaneti au mkongo haziko hivyo. Zina faida nyingi: Wete, Chake Chake na Mkoani zaweza kuwa kama vyumba vya nyumba moja, na mtu akazungumza kutoka dawati hadi dawati kwa namba fupi ya ndani. Lakini umeme wa ofisi ukikatika, ruta huzima na simu hufa.

Jambo hili si la kufikirika. Kebo ya umeme ya Unguja ilipoharibika mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Pemba nayo tangu mwaka 2010 hupata umeme kwa kebo ipitayo chini ya bahari kutoka Tanga. Twashukuru kwa kebo hiyo, lakini mwenye akili haweki roho yake yote juu ya uzi mmoja. Mtambo wetu, wa namna yoyote utakavyokuwa, uwe na betri ya akiba, na pembeni iwepo simu moja ya mkononi ya Chama iliyojaa chaji, ili umeme ukizimika, simu zote zielekezwe huko.

Kazi ya kupanga

Kutokana na tuliyoyaona, twapendekeza kazi ifuate mpango huu.

Kwanza, karani aweke daftari la simu kwa wiki mbili: nani kapiga, saa ngapi, kwa shida gani, na ni simu ngapi zilizokosa mtu wa kuzipokea. Bila ya daftari hilo tutanunua mtambo kwa kukisia, ama mkubwa mno ama mdogo mno. Wenzetu wa Musoma walinunua simu nane za mezani, na tulipofika tatu zilikuwa kabatini.

Pili, fundi aitazame nyumba kabla hatujaingiza meza. Waya utaingilia wapi? Mtambo utakaa chumba gani kisichovuja, kilicho mbali na mchwa na na magunia? Waya wa ardhi na kizuia radi vitafungwa wapi? Kutoboa ukuta mtupu ni kazi ya saa moja. Kutoboa ukuta wenye makabati ni ugomvi wa siku mbili.

Tatu, maombi kwa kampuni ya simu yapelekwe kwa barua mapema iwezekanavyo, na tarehe ya kufungiwa iandikwe katika mapatano. Bei zipatikane kutoka kwa zaidi ya mmoja, na zibandikwe ubaoni wanachama wazione.

Nne, na hili ndilo kubwa, laini ya zamani isikatwe mpaka mpya ijaribiwe. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Zote mbili ziende pamoja mwezi mmoja, hata ikiwa tutalipa mara mbili. Malipo ya mwezi mmoja ni madogo kuliko karafuu za mwanachama mmoja zilizovunda. Na baada ya hapo, atakayepiga namba ya zamani na asikie sauti ya kumwelekeza.

Tano, siku ya majaribio simu zipigwe kutoka Konde, kutoka Mtambile, kutoka Unguja na kutoka bara; na ihakikishwe kwamba mtambo mpya waweza kupiga 112 ya polisi na 114 ya zimamoto bila ya kuzuiwa. Kila waya uandikwe jina lake, na ramani yake itundikwe ukutani, ili fundi wa kesho asianze kutafuta upya.

Sita, namba ikibadilika, iwafikie watu kabla ya wao kuitafuta: kwenye barua zetu, kwenye mihuri, kwenye ubao wa nje, vituo vya ununuzi, benki, hospitali, na kwa masheha wa kila shehia. Tulipokuwa Bunda tulimkuta mkulima mzee aliyekuwa ameiandika namba ya chama kwa makaa juu ya mlango wa ghala lake. Alitwambia kwamba yeye hana kitabu cha namba, mlango ndio kitabu chake. Milango ya namna hiyo iko mingi Pemba, na mingi bado ina namba yetu ya leo.

Yaletwayo mbele yenu

Basi, kwa wazee wasemao simu ya mezani iachwe, twajibu kwa heshima kwamba simu ya mfukoni humfuata mtu, na simu ya mezani humfuata Chama. Makatibu huondoka na makarani hubadilika, lakini mwanachama yatakiwa apige namba ile ile na aitikiwe kwa jina la Chama. Na kwa wale watakao ihamishwe vile vile, twajibu kwamba waya mkongwe wenye kutu katika nyumba mpya ni kuhamisha ugonjwa.

Mkutano Mkuu utaombwa kuamua mambo matatu: kwamba namba zote za Chama, za mezani na za mkononi, ziwe kwa jina la Chama, kwamba kuhama kusifanywe mavuno yakiwa yameanza, na kwamba malipo ya mwezi mmoja ya laini mbili yatoke katika mfuko wa ofisi, wala yasikatwe katika karafuu za mtu.

Mwenye rai iliyo bora kuliko hizi na ailete kwa mdomo au kwa barua. Daftari la simu limekwisha funguliwa, liko juu ya meza ya ofisi, na kila mwanachama anayo ruhusa ya kulitazama.

Katibu wa Chama